Wanga unaohesabiwa ni upi?

Ramadhani iliyopita, katika futari moja mjini Wete, nilimsikia ndugu mmoja akikataa sahani ya muhogo wa nazi kwa kusema, "Mimi niko keto, sili wanga," kisha akala tende saba na kuzishushia gilasi nzima ya juisi ya embe. Hakukusudia kumdanganya mtu. Neno ndilo lililompoteza, na kwa kuwa nimeliona likiwapoteza wengi, nimeona bora lifafanuliwe.

Kwa mwenye kufuata mlo wa keto, kuhesabu wanga ni kujumlisha gramu za kabohaidreti zote anazokula kwa siku, zisizidi kiwango ambacho aghalabu huwa kati ya gramu 20 na 50, ili ini ligeuze mafuta kuwa ketoni na mwili uzitumie badala ya glukosi, ile sukari ya damuni. Jina la mlo huu alilitoa Daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1921, naye aliwakusudia wagonjwa wa kifafa.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Watu wa pwani waliujua wanga kabla ya kuwapo somo la lishe: ni ule unga mweupe unaotolewa katika viazi vichungu vya mmea uitwao uwanga, vikakunwa, vikaoshwa kwa maji mara kadhaa, hata unga ukatuama chini ya chombo. Wanga ndio unaotiwa kofia ya viua ikakaa wima. Waandishi wa lishe walipohitaji jina la kundi zima la kabohaidreti, walilichukua neno hilihili, nalo tangu hapo linabeba maana mbili: ile finyu, ya vyakula vya unga kama muhogo, wali na mkate, na ile pana, inayoingiza pia sukari za kila namna na nyuzinyuzi. Ndugu yetu alisema kwa maana finyu, ilhali hesabu ya keto hufanywa kwa maana pana. Sukari ya tende haiwezi kukaza kofia, lakini gramu 100 za tende kavu zina takriban gramu 75 za kabohaidreti, na muhogo wa uzito huohuo una karibu nusu ya hizo.

Gramu nazo zina utata wake, kwani gramu 28 za wanga hazipatikani kwa kupima gramu 28 za wali. Zimo katika gramu 100 hivi za wali mweupe uliokwisha kupikwa. Ama nyuzinyuzi, kwa kuwa hazigeuki glukosi, wengi huzitoa katika jumla, ila pakiti za Uingereza huwa zimekwisha kuzitenga na za Marekani bado, kwa hiyo mwenye kuhesabu asome kwanza asije akazitoa mara mbili. Kosa la hesabu huwa zito zaidi kwa mwenye kisukari anayepima insulini yake kwa gramu hizohizo.

Hata mchicha una wanga kidogo, na kwa sababu hiyo hakuna aliye keto asiyekula wanga kabisa. Ndugu yetu angesema, "Nimeacha muhogo na wali," angekuwa amesema kweli, na tena jambo la maana; "napunguza wanga" angeweza kulisema siku atakapozitia hesabuni zile tende saba na ile gilasi ya juisi.