Una Glakoma? Inama tu, Ila Usiache Matone

Kliniki haipiti bila mgonjwa wa kuniambia kwamba tangu agundulike ana glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, ameacha kuinama. Kamba za viatu anafungiwa na mwanawe, kufua hafui, hata matembezi ya jioni ameyakatisha, maana "presha ya macho itapanda." Nikimuuliza habari za matone ya dawa ya kushusha presha hiyo, ananijibu kwamba huyatia akikumbuka. Jibu hilo linanikera, na nalisema wazi, kwa sababu mtu huyu anajinyima maisha huku akiacha kitu pekee kinachomlinda.

Ni kweli, ukiinama presha hupanda. Jicho hutengeneza maji yake ya ndani muda wote, na maji hayo hutoka kwa kuingia kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Kichwa kikishuka chini ya moyo, vena hizo hujaa damu, maji yanapita kwa shida, presha inapanda. Ukiinuka, inashuka muda si mrefu. Mshipa wa fahamu wa jicho huumizwa hasa na presha inayokaa juu kwa miezi na miaka. Kuokota ufunguo ulioanguka si jambo la kukunyima usingizi.

Nadhani hofu hii imetokana na agizo la baada ya upasuaji. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa jicho huambiwa asiiname wala asibebe mizigo kwa wiki kadhaa, na hilo alifuate. Lakini agizo hilo lina mwisho wake, wala si la kila mwenye glakoma.

Ninayokataza mimi ni machache. Kusimama kwa kichwa, kama wafanyavyo watu wa yoga, kunaweza kufikisha presha karibu mara mbili, na mtu hukaa hivyo kwa dakika nzima. Acha. Ukinyanyua vyuma vizito usibane pumzi. Toa hewa unaponyanyua. Tai na kola zisikukabe shingo. Matembezi ya haraka na baiskeli hushusha presha, kwa hiyo aliyeyaacha kwa woga ayarudie leo.

Cha ajabu, sijawahi kuulizwa juu ya kulala, na humo ndimo mwili unamokaa saa nyingi katika mkao mmoja. Ukilala presha huwa juu kuliko ukikaa, na ya jicho unalolilalia hupanda zaidi. Usilale kifudifudi, wala usilalie upande wa jicho lililoathirika zaidi. Ukiweza, inua kitanda chenyewe upande wa kichwani; rundo la mito hukunja shingo tu.

Wengine huniambia hawaumwi macho, kwa hiyo presha imetulia. Glakoma iliyo ya kawaida zaidi haiumi. Hula pembe za uoni kwanza, na jicho la pili huziba pengo bila wewe kujua. Kilichopotea hakirudi.

Kusoma kwenye mwanga hafifu au kutazama simu hakuleti glakoma. Presha ya damu nayo ni kitu kingine: kipimo cha mkononi hakisemi lolote juu ya jicho. Na kipimo cha presha ya jicho cha kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, kinachohesabiwa kuwa cha kawaida, hakimwondolei mtu shaka, kwani wapo wanaopoteza uoni presha ikiwa humo humo. Ndiyo maana tunachungulia mshipa wa fahamu na kupima upana wa uoni.

Sasa matone. Nawa mikono, vuta kope la chini litengeneze kifuko, dondosha tone moja. La pili humwagika tu shavuni. Funga jicho taratibu bila kulikaza wala kupepesa, kisha bonyeza kona ya ndani, penye pua, kwa dakika 2. Hapo ndipo dawa hupenyea kwenda kooni, na ukipaziba inabaki jichoni. Kama una dawa mbili, ziachanishe kwa dakika 5, ya pili isije ikaiosha ya kwanza. Na chupa ikikaribia kwisha, usingoje tarehe ya kliniki ndipo utafute nyingine.