Je, wajua sayari ya chuma hutokeaje?

Katika hadithi za anga tukio hili halikosi: chombo kimeharibika, wanaanga wametua kwa taabu kwenye sayari tupu inayometameta kama sufuria mpya, hakuna jani wala tone la maji. Kabla ya kuwaonea huruma, tujiulize: chuma chote hicho kilifikaje juu?

Maana kwa kawaida chuma hakikai juu. Sayari ikiwa changa huyeyuka, na katika uji huo wa moto chuma na nikeli huzama hadi katikati kwa sababu ya uzito wake, mawe yakabaki yakielea. Dunia yetu iko vivyo hivyo. Kiini chake kinaanzia kama kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, ilhali hakuna shimo la binadamu lililofikia kina cha kilomita 13.

Sayari ya chuma, basi, ni sayari iliyomenywa. Zebaki, jirani wa karibu wa Jua, inakaribia hali hiyo: kiini chake kinachukua takriban asilimia 85 ya nusu kipenyo chake, na dhana mojawapo ni kwamba kishindo cha kugongwa kilitupilia mbali sehemu kubwa ya mawe yake. Nje ya mfumo wetu wa Jua iko sayari GJ 367 b, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 31. Mwaka wake haumalizi saa 8, na sentimita moja ya ujazo wake ina wastani wa gramu 10 hivi, wakati ya Dunia ina 5.5. Uzito wa namna hiyo hauelezeki bila chuma kingi mno.

Asteroidi Psyche, gimba dogo linalozunguka Jua lililogunduliwa mwaka 1852, ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa kiini kilichovuliwa nguo. Vipimo vya karibuni vinaashiria mchanganyiko wa chuma na mawe. Chombo cha NASA kilichopewa jina hilohilo kiliondoka Oktoba 2023, na kinatarajiwa kufika 2029.

Turudi kwa wanaanga wetu. Huo mng'ao wa sufuria tuusahau, kwani vimondo vidogo na vumbi hukwaruza uso wowote usio na hewa ya kuukinga. Kutu nayo haipo, kwa kuwa inahitaji oksijeni na maji. Nyundo ikiangushwa haisikiki. Mtetemo tu ndio utapanda kupitia nyayo za buti.

Kibaya zaidi ni pumzi. Aliyekwama mwezini ana nafuu, ingawa haonekani hivyo: zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa udongo wa Mwezi ni oksijeni iliyofungwa ndani ya madini, na kwa mtambo na umeme wa kutosha inaweza kutolewa. Chuma kitupu hakina cha kutoa.

Wawe waangalifu hata na vifaa vyao. Hapa duniani chuma hujifunika utando mwembamba wa oksidi, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, mara tu kinapokwaruzwa. Penye ombwe, yaani pasipo na hewa, utando huo haurudi, kwa hiyo vyuma viwili safi vikibanwa pamoja vinaweza kushikana vikawa kitu kimoja, bila moto wala fundi wa kuchomelea. Bawaba ya mlango wa chombo ikisuguka hadi utando na grisi vikaisha, inaweza kukwama hivyohivyo, na mtu yuko nje.