Jackson State 2022: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Mtajie Jackson State mtu anayefuatilia michezo ya Marekani juujuu, atakujibu kwa jina moja: Deion Sanders. Nyota huyo wa zamani wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, aliinoa timu ya futiboli ya chuo hicho cha Mississippi kwa misimu mitatu, akaondoka, na hadithi zikabaki zinajipika zenyewe. (Nazungumzia futiboli ya helmeti na mpira wa umbo la yai. Soka tuiache kando.)

Dhana: Msimu wa 2022 hawakufungwa hata mara moja.

Nusura. Walianza kwa kuitandika Florida A&M 59-3 kule Miami, wakaendelea hivyo hadi Desemba 3, walipoifunga Southern 43-24 na kutwaa ubingwa wa ligi ya SWAC. Ushindi 12 kati ya 12. Ikabaki Celebration Bowl, Desemba 17 jijini Atlanta, ambako bingwa wa SWAC hupambana na bingwa wa MEAC, ligi nyingine ya vyuo vya kihistoria vya Weusi. Mpinzani alikuwa North Carolina Central. Saa ikiwa inamalizikia, Shedeur Sanders, mtoto wa kocha, alimrushia Travis Hunter pasi ndani ya eneo la kufungia, na ubao ukasoma 34-34. Katika muda wa nyongeza Central wakatangulia. Jackson State walipojaribu kujibu, pasi yao ya mwisho ikamponyoka mpokeaji mikononi. 41-34. Mwaka mmoja kabla walifika palepale wakachapwa 31-10 na South Carolina State. Kwa hiyo Deion, pamoja na sifa zote zile, hakuwahi kulinyanyua kombe hilo.

Dhana: Aliitelekeza timu kabla ya fainali.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ni kweli kwamba usiku uleule wa ubingwa wa SWAC aliwaaga wachezaji kwamba anakwenda kuinoa timu ya Chuo Kikuu cha Colorado, na liliwauma wengi. Lakini Atlanta alikuwepo, akaongoza mechi hadi mwisho. Mwenye kinyongo naye ana sababu nyingine za kutosha: Shedeur na Hunter walimfuata.

Dhana: Kabla yake Jackson State haikuwa chochote.

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Mwaka 1975, NFL ilipogawana wachezaji wapya, Walter Payton wa Jackson State alichukuliwa wa nne na Chicago Bears, na mwenzake Robert Brazile wa sita na Houston Oilers. Chuo kimoja, wawili ndani ya sita bora wa nchi nzima. Ukiwaongeza Lem Barney na Jackie Slater, unapata wanne walioingia katika Jumba la Umaarufu la futiboli huko Canton, Ohio.

Vipaji vyote hivyo vilijikusanyaje mahali pamoja? Ubaguzi. Mwaka 1962 James Meredith, kijana Mweusi, alipokwenda kujiandikisha Chuo Kikuu cha Mississippi, zilizuka ghasia zilizoua watu wawili na ikabidi jeshi liingie. Katika jimbo la namna hiyo, kijana Mweusi mwenye mbio na kifua alikwenda Jackson State, Alcorn au Mississippi Valley. Vyuo vikubwa vya Kusini vilipofungua milango, vilianza kuwabeba vijana walewale, na vyuo vya Weusi vikabaki na majina na kumbukumbu. Ndiyo maana Desemba 2021, Hunter, kijana aliyewekwa na wengi namba moja nchini, alipoiacha Florida State, mojawapo ya vyuo hivyo vikubwa, na kuichagua Jackson State, watu walishtuka. Maji yalikuwa yamepanda mlima.

Dhana: Kamera na umaarufu wa kocha vilirahisisha kila kitu.

Tukizungumzia maji: mwishoni mwa Agosti 2022, siku chache kabla ya mechi ya kwanza, mtambo wa maji wa jiji la Jackson ulizidiwa. Wakazi kama 150,000 wakakosa maji salama. Masomo chuoni yakahamia mtandaoni, vyoo havina maji, na kocha akahangaika kuwatafutia vijana wake mahali pa kulala na kuoga. Halafu wakaenda Miami, wakafunga zile 59.

Dhana: Ni chuo cha Weusi peke yao.

Hapana. Sheria ya elimu ya juu ya 1965 inavitambua vyuo hivi kwa historia: vilianzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kuwaelimisha Wamarekani Weusi. Kujiunga anajiunga yeyote.

Dhana: Wakati wa mapumziko ndiyo nafasi ya kwenda kununua chakula.

Thubutu. Bendi ya chuo, Sonic Boom of the South, ndiyo kwanza inaingia uwanjani, na wapo waliolipa kiingilio kwa ajili yake.

Dhana: Deion alipoondoka, taa ilizimika.

Timu ilikabidhiwa T.C. Taylor, aliyesoma na kucheza hapohapo. Mwaka 2023 walishinda 7, wakapoteza 4. Mwaka 2024 wakarudisha ubingwa wa SWAC, wakaenda Atlanta na kukutana na South Carolina State, walewale wa 2021. Safari hii Jackson State walishinda 28-7.