Mawe ya mizani ya Bonde la Indus

Harappa, Mohenjo-daro na miji mingine ya Bonde la Indus ilistawi kati ya mwaka 2600 na 1900 KK hivi, katika nchi ambazo leo ni Pakistan na India. Maandishi yake hajatokea wa kuyasoma. Mawe yake ya mizani tunayasoma vizuri, na katika miaka yangu ya akiolojia sijaona kazi ya wafanyabiashara wa kale inayonivutia kuliko hii.

Mengi ni michemraba midogo ya jiwe gumu, jamii ya gumegume, iliyosuguliwa ikang'aa. Kwa kawaida hayana namba wala nembo. Jiwe la namna hii halichakai kwa kushikwashikwa, na mwenye kulimega ili aibie wateja ataacha kovu kwenye uso ule laini.

Uzito unaojirudia sana ni gramu 13.7 hivi. Nusu yake ipo, robo ipo, mpaka sehemu ya kumi na sita, isiyofika hata gramu moja. Kwenda juu, uzito unajirudufu: 27, 54 na kuendelea. Mawe makubwa zaidi yanafuata makumi na mamia, na lipo linalozidi kilo 10.

Utaratibu huu wa kurudufu hauhitaji kisomo. Weka jiwe kwenye kitanga kimoja, chonga jingine upande wa pili hadi mizani isimame sawa. Sasa yaweke yote mawili upande mmoja uchonge la tatu: umepata uzito mara mbili. Mnunuzi mwenye shaka naye anakagua kwa njia hiyohiyo, moja na moja dhidi ya mbili, mbele ya muuzaji. Tena mawe matano tu, la 1, 2, 4, 8 na 16, yanapima kila kiasi kuanzia 1 hadi 31. Ukitaka 13, weka 8, 4 na 1.

Udogo wa mawe mengi unaonyesha vilivyopimwa: dhahabu, shanga, vito. Pale Harappa baadhi yamepatikana karibu na malango ya mji, na Jonathan Mark Kenoyer, aliyechimba huko miaka mingi, anayahusisha na ushuru wa bidhaa zilizoingia. Naafikiana naye, mahali pazuri pa kumdai mfanyabiashara ni langoni.

Mawe haya yalivuka bahari. Wachimbaji wa Denmark waliyakuta Bahrain, Dilmun ya kale, katika miaka ya 1950. Jirani wa Dilmun, Mesopotamia, nchi ya Iraq ya leo, alipima kwa shekeli ya gramu 8.4 hivi, 60 zikifanya mina moja, na vibao vya udongo vya Ur, mji wa huko, vinataja shaba iliyopimwa kwa kipimo cha Dilmun. Ukikikokotoa, mina yake inakuja karibu kilo 1.35, yaani takriban mawe mia ya Indus ya gramu 13.7. Shaba yenyewe ilitoka Magan, nchi ya Oman ya leo, na mfanyabiashara wa Dilmun aliyesimama kati alilazimika kujua vipimo vyote viwili.