Je, wajua ni nani huzima king'ora cha seli virusi vikishashindwa?

Ukishikwa na mafua makali, viungo vinauma, baridi inapenya hadi mifupani, na chakula hakipiti. Tunavilaumu virusi, lakini sehemu kubwa ya mateso hayo inatoka kwa mlinzi wetu wenyewe: protini iitwayo interferoni. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokuwa wakidungwa interferoni kama dawa walipata homa, kutetemeka na kuumwa viungo vilevile, bila kuwa na mafua.

Waliogundua protini hiyo ni Alick Isaacs na Jean Lindenmann, jijini London, mwaka 1957. Walivipasha moto virusi vya influenza hadi vikafa, kisha wakavichanganya na vipande vya utando kutoka ndani ya yai la kuku lenye kifaranga kinachokua. Baadaye waliutoa utando wakabaki na maji yake. Walipoutia utando mpya katika maji hayo, virusi vilivyo hai vilishindwa kuzaliana humo vizuri. Seli za mwanzo zilikuwa zimeacha ndani ya maji onyo ambalo seli nyingine zililielewa.

Lakini seli inajuaje kwamba imevamiwa? Yenyewe imejaa RNA, nyuzi za kikemikali zilizo jamaa ya DNA, na virusi vya influenza navyo huja na RNA. Tofauti iko kwenye ncha ya mwanzo ya uzi, yaani kichwani mwake. RNA yetu inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini huvishwa kofia ya kikemikali ikiwa bado ndani ya kiini cha seli. Nakala mpya za RNA ya influenza hubaki kichwa wazi, na fosfeti tatu, vikundi vya fosforasi na oksijeni, zimechomoza nchani. Protini moja, RIG-I, kazi yake ni kuipapasa ncha hiyo. Ikikuta kichwa wazi hujikunjua, ikashikana na wenzake, na jeni za interferoni zikawashwa. Nastaajabu kwamba uhai wetu unategemea ukaguzi mdogo kiasi hicho.

Interferoni hutoka nje na kunasa kwenye vipokezi vya seli jirani, na humo mamia ya jeni huamka. Baadhi ya protini zinazozaliwa hukatakata RNA. Nyingine husimamisha utengenezaji wa protini ili virusi visipate pa kujijengea. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu seli iliyosimamisha utengenezaji wa protini imejifungia na yenyewe. Haiwezi kukaa hivyo siku zote.

Kwa hiyo breki zinahitajika, na ya kwanza hufanya kazi hata kabla ya king'ora kulia. RNA yetu wakati mwingine hujikunja ikawa na nyuzi mbili, umbo ambalo kitambuzi kingine, MDA5, hulidhania kuwa la virusi. Protini ADAR1 hubadilisha baadhi ya herufi za RNA hiyo ili nyuzi zilegee, na MDA5 huipita. Mwaka 1984, huko Ufaransa, Jean Aicardi na Françoise Goutières walieleza watoto wachanga walioharibika ubongo kama walioambukizwa tumboni mwa mama, ilhali maambukizi hayakuonekana. Leo tunajua kwamba hitilafu katika jeni ya ADAR1 ni mojawapo ya vyanzo vya ugonjwa huo. Walinzi wa watoto hao wanapigana na mwili wenyewe.

Breki nyingine huundwa na interferoni yenyewe. Miongoni mwa jeni inazoziamsha imo ya USP18, protini inayokwenda kukaa kwenye kipokezi kilekile na kupunguza sauti ya ujumbe. Mtoto akizaliwa bila USP18, king'ora hakinyamazi. Mwaka 2020 madaktari waliripoti kisa cha mtoto wa namna hiyo aliyekuwa mahututi. Walimpa ruxolitinib, dawa inayozuia vimeng'enya vinavyopitisha ujumbe wa interferoni ndani ya seli, nafasi ileile ambayo USP18 ingeisimamia. Mtoto akapata nafuu.