Afya ya jamii haianzii hospitali: dhana ambazo wanafunzi huja nazo darasani

Kila ninapoanza somo na wanafunzi wapya huwauliza afya ya jamii ni nini. Majibu hayabadiliki sana: hospitali, daktari, dawa, foleni.

Dhana: Afya ya jamii ni kutibu wagonjwa wengi kwa pamoja.

Daktari humuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Bwana afya huuliza kwa nini mtaa huu umeugua na ule wa pili umesalimika. Ndilo swali alilotembea nalo daktari Mwingereza John Snow katika vichochoro vya Soho, London, mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 600. Wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa inayonuka. Snow akapita nyumba kwa nyumba akiuliza wafiwa maji yao yalichotwa wapi, na vifo vikaonekana vimeizunguka pampu moja ya Broad Street. Kiwanda cha bia kilikuwa jirani tu, lakini wafanyakazi wake walisalimika: walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Mpini wa pampu ukang'olewa. Ni kweli mlipuko ulikwisha kuanza kupungua, ila namna ile ya kuuliza imebaki hadi leo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayowapa ni kuchora ramani ya mtaa wao: visima, vyoo, mitaro, meza za mama lishe. Binti mmoja alileta ramani yenye kisima cha majirani na choo cha shimo, akiwa amepima kwa hatua zake: kumi na mbili, na choo kiko upande wa juu wa mteremko. Inashauriwa viachane angalau mita 30. Hakuhitaji nimweleze zaidi.

Dhana: Kipindupindu ni ugonjwa wa wachafu.

Hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu inaua. Wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote, na bado vimelea hutoka katika kinyesi chao kwa siku 1 hadi 10. Mtu nadhifu kabisa anaweza kunywa maji ya bomba lililopasuka kando ya mtaro. Ukishaufanya ugonjwa kuwa aibu, mama atamficha mtoto anayeharisha, na kipindupindu kikali huweza kumaliza mtu ndani ya saa chache. Mpeni maji ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, mkiwa njiani kwenda kituoni. Kama hakuna, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai sita na chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko vya kusawazisha, si vya kujaza kilele.

Dhana: Afya ya dunia ni mambo ya Geneva.

Shirika la Afya Duniani lina makao yake Geneva, sawa. Lakini mnyororo wa maambukizi ya ndui ulikatikia Merka, mji wa pwani ya Somalia. Oktoba 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipanda gari lililobeba watoto wawili wenye ndui ili kumwelekeza dereva njia. Safari ilikuwa ya dakika chache. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipougua, kwanza ilidhaniwa malaria, kisha tetekuwanga. Ilipojulikana ni ndui, wahudumu waliwasaka wote aliokutana nao na kuchanja zaidi ya watu 50,000 katika wiki mbili. Hakuambukizwa hata mmoja, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imetokomezwa.

Maalin alipona. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni za chanjo ya polio nchini kwake. Mzazi aliyesita, Maalin alimsimulia habari zake mwenyewe: jinsi alivyoikimbia sindano, na kilichompata. Alikuwa bado katika kazi hiyo mwaka 2013 alipougua malaria na kufariki.