Jamani, goat sio mbuzi mnayemdhania

Juzi tena kazi yangu ya kutafsiri filamu imerudishwa. Kwenye filamu dada anamwita baba mwenye nyumba wake "old goat", mi nikaweka "mzee mkware", mkaguzi kaandika pembeni: badilisha iwe bingwa, mbuzi kwa Kiingereza ni sifa, si unaona Messi anavyoitwa. Yaani dada anakimbia mikono ya mzee huku anamwita bingwa! Nimechoka, ngoja niandike.

Goat ya Messi ni herufi 4 tu, Greatest of All Time, bora kuliko wote wa zama zote. Mnyama hayupo pale. Mke wa Muhammad Ali, Lonnie, alisajili kampuni kwa herufi hizo mwaka 1992, rapa LL Cool J akaipa jina hilo albamu yake mwaka 2000, emoji za mbuzi ni utani wa watu tu.

Mbuzi mwenyewe kwa Kiingereza hana heshima. Kid sawa, mwanambuzi kageuka mtoto wa mtu, tuendelee. Ila kwenye michezo Marekani goat ilikuwa lawama kabla ya kuwa sifa: 1986, Bill Buckner wa Boston Red Sox, mpira wa besiboli ukampita katikati ya miguu, tobo kabisa, ubingwa wakaukosa na yeye akaitwa goat miaka na miaka. Ukikuta hiyo ukaweka "bora wa wote" umeumia.

Hiyo ya lawama inatoka kwenye scapegoat, yaani anayebebeshwa makosa ya wengine, neno alilolitunga Mwingereza William Tyndale mwaka 1530 akitafsiri Walawi 16 kwenye Biblia, na hapa ndo nnapogombana na watu maana wote tunaandika mbuzi wa kafara. Isomeni hiyo sura! Mbuzi wawili wanapigiwa kura, mmoja anachinjwa, huyo ndo wa kafara. Wa pili Haruni anamwekea mikono kichwani, anamtwisha dhambi za watu, anaachiwa jangwani akiwa hai, na scape ni kuponyoka. Tumemchukua aliyepona tukampa jina la marehemu. Kamusi inayo bangusilo, neno zuri tu, nikiliweka naulizwa ni ugonjwa gani. Basi dedlaini ikibana na mimi naandika mbuzi wa kafara, roho inaniuma, na siku hizi sina hata hakika kama ni kosa, si kila mtu anaelewa?

Na huyo mkaguzi siku akiletewa "kuuziwa mbuzi kwenye gunia" asijichanganye, gunia la Waingereza lina nguruwe.